Vumbi la Likasi na rangi ya sahani: wazee wetu walipumua nini?

Jumanne iliyopita, kipindi cha asubuhi kilipokwisha, simu ya studio ililia. Alikuwa mama mmoja anayeishi Mwene-Ditu. Alizaliwa hapa kwetu, Panda, na aliondoka Likasi mwaka 1993 akiwa mtoto, katika ile treni ambayo familia ziliingoja kituoni kwa majuma na majuma. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaikumbuka treni hiyo kuliko mnavyotaka.

Mama hakupiga simu kwa ajili ya treni. Alisema baba yake alifanya kazi ya kampuni tangu ujana, upande wa kusaga mawe. Alipanda behewa akikohoa, akakohoa njia nzima, na Kasai hakumaliza miaka minne. Kule waliambiwa ni kifua kikuu. Alimeza dawa zote akazimaliza, kikohozi kikabaki palepale, na katika nyumba nzima hakuna mtoto aliyeambukizwa. «Sasa mimi nina wajukuu,» akasema, «na wananiuliza babu wa mama yao alikufa na nini. Ninyi mlio huko, niambieni.»

Sikuwa na jibu hewani. Mimi si mganga, na mtu aliyekwisha kufa miaka karibu thelathini hakuna awezaye kumpima. Lakini swali lake lina historia, na historia hiyo inaanza mbali na Likasi. Inapita katika viwanda vya sahani na vikombe huko Ulaya, halafu inarudi hapa Panda, Shituru na Shinkolobwe.

Tuanze na jiwe lenyewe. Mawe mengi ya dunia yana silika, kitu kilekile kilicho katika mchanga na katika kioo. Likiwa jiwe zima halina neno, unaweza kulikalia. Likipasuliwa na kusagwa linatoa vumbi, na katika vumbi hilo kuna punje ndogo sana ambazo jicho halizioni. Zile kubwa zinakwama puani na kooni, tunazitema. Zile ndogo zinashuka hadi mwisho wa pafu, na hazitoki tena. Askari wa mwili wanakuja kuzila, wanakufa kwa kuzila, na mahali pale panabaki kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka, mpaka pafu linakuwa gumu. Waganga wanauita ugonjwa huo silikosi. Mara nyingi huonekana baada ya miaka kumi au zaidi, wakati mwingine mtu akiwa ameshaacha kazi. Dawa ya kuliondoa kovu haipo mpaka leo.

Kuna jambo la pili ambalo limewachanganya wengi, na nadhani ndilo liliichanganya familia ya yule mama. Pafu lenye silika linakuwa mlango wazi kwa kifua kikuu. Mtu anaweza kuwa na silikosi peke yake akadhaniwa ana kifua kikuu, na anaweza kuwa na vyote viwili pamoja. Ukimpa dawa za kifua kikuu, vijidudu vinakufa, kovu linabaki, na kikohozi nacho kinabaki.

Je, mawe yetu ya Katanga yana silika? Wanajiolojia wa wakati wa Wabelgiji walipoyapa majina matabaka yanayobeba shaba na kobalti, tabaka moja waliliita «roches siliceuses feuilletées», lingine «roches siliceuses cellulaires». Hata leo mainjinia wanaandika RSF na RSC kwenye ramani zao. Maana yake ni mawe ya silika. Jina la hatari lilikuwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Sasa twende Uingereza kidogo, msinichoke. Katika jimbo la Staffordshire, mji wa Stoke-on-Trent na jirani zake, watu walikuwa wafinyanzi wa viwandani. Karibu miaka ya 1720 waligundua kwamba ukichoma jiwe la gumegume, ukalisaga unga na kuuchanganya na udongo, unapata sahani nyeupe nzuri zenye kuuzika. Biashara ikapanda. Lakini jiwe lile ni silika karibu tupu, na waliolisaga likiwa kavu walianza kufa kwa kifua. Mwaka 1726 mtu mmoja aitwaye Thomas Benson alipewa hati ya serikali kwa njia mpya ya kulisaga jiwe ndani ya maji, na sababu aliyoitoa ilikuwa hiyohiyo: vumbi lilikuwa likiwaua wafanyakazi.

Maji, basi. Jiwe likilowa vumbi haliruki. Mama yeyote wa Kikula anayefagia lupangu lake wakati wa kiangazi anajua kunyunyiza maji kwanza. Mwaka 1726, miaka 180 kabla ya Union Minière kuzaliwa, jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye hati ya serikali. Hata hivyo wafinyanzi wa Staffordshire waliendelea kufa kwa kifua karne mbili nyingine, kwa sababu vumbi halikuwa kwenye kinu peke yake. Lilikuwa sakafuni, kwenye nguo, kwenye meza za kusugulia vyombo vilivyokauka, na waliofanya kazi hizo za mwisho wengi wao walikuwa wanawake.

Migodini mambo yalikwenda vilevile. Mashine ya kutoboa mwamba kwa hewa ilipokuja, mtu mmoja alitoa kwa siku vumbi ambalo zamani wanaume kumi wasingelitoa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mmarekani mmoja, Leyner, alitengeneza mashine yenye chuma chenye tundu katikati, maji yakipita ndani hadi kwenye ncha. Kule Afrika ya Kusini, kwenye dhahabu ya Witwatersrand, wachimbaji walikufa wengi na mapema kiasi kwamba serikali ilitunga sheria za fidia mwaka 1911 na 1912. Ziliwajali wazungu kuliko weusi, hilo hamhitaji niwaeleze. Agosti 1930, Shirika la Kimataifa la Kazi liliwakusanya waganga wa nchi nyingi mjini Johannesburg kuzungumza juu ya silikosi tu. Mwaka 1934 ugonjwa huo ukaingia katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya kazi yanayopaswa kulipwa fidia.

Zishikeni tarehe hizo, kwa maana sasa tunarudi nyumbani.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mji wetu, ambao kwa miaka mingi uliitwa Jadotville mpaka jina la Likasi liliporudishwa mwaka 1966, ulikua kuzunguka mawe yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kiwanda cha kuchambua madini kilisimama Panda. Mwaka 1929 Shituru ikaanza, na shaba ikawa inayeyushwa kwa asidi na kuvunwa kwa umeme. Babu zetu waliletwa kutoka Lomami na Kasai, wengine kutoka Rwanda na Burundi, na tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikaamua kuwakalisha hapahapa na wake zao. Ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Ndiyo maana tunasema sisi ni watoto wa kampuni, na tunalisema kwa fahari na kwa uchungu, yote mawili.

Kazi ya kusaga ilikuwaje? Jiwe linatoka machimboni, linaangushwa kwenye mashine kubwa ya kuvunja, kisha ya pili, kisha linaingia kwenye kinu ambamo maji yanachanganywa nalo. Kuanzia hapo kwenye maji hakuna vumbi tena, ni tope. Hatari iko kabla ya maji: kwenye kuvunja, kwenye mikanda inayobeba mawe makavu, kwenye kufagia chini ya mikanda hiyo. Basi ndani ya kiwanda kimoja, mtu aliyesimama hatua hamsini kutoka kwa mwenzake aliweza kupumua hewa nyingine kabisa, na kwenye karatasi wote wawili wakaitwa wafanyakazi wa Panda.

Mjomba wangu mwenyewe alikuwa upande mkavu, katika kiwanda kimoja cha huku, sitakitaja. Alisema walipewa kitambaa cha kufunga puani, na kapita alikuwa akiwacheka waliokifunga. Alipoanza kukohoa, hospitali fulani ilimpa dawa za kifua kikuu mara mbili ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anafanya kazi gani. Nilikuwa mtoto, nilibeba chupa yake ya maji. Swali hilo moja, «ulikuwa unafanya kazi gani?», ningependa leo kila muuguzi aliulize.

Lakini silika ni nusu ya habari. Likasi ina mawe mengine, na hapa ndipo sahani zinaporudi.

Katika milima ya Saxony, Ujerumani, kuna mji mdogo uitwao Schneeberg. Kwa karne nyingi watu wake walichimba fedha, halafu kobalti. Neno kobalti lenyewe linatokana na jina la jini la mashimoni katika lugha yao, kobold, kwa sababu jiwe lile lilionekana la thamani na likichomwa lilitoa moshi wa sumu. Kobalti hiyo ilichimbwa kwa ajili ya rangi ya buluu. Buluu mnayoiona kwenye vikombe vya zamani, kwenye maua ya sahani za bibi, ni kobalti iliyosagwa. Jirani na Schneeberg, ng'ambo ya mlima, upande wa Bohemia, uko Joachimsthal. Huko walikuwa na jiwe jeusi zito, urani, na katikati ya karne ya 19 wakafungua kiwanda cha kuligeuza kuwa rangi za vioo na vyombo: njano, rangi ya chungwa, kijani.

Wachimbaji wa Schneeberg walikufa mapema, na kwa muda mrefu ilisemwa ni ugonjwa wa mlima. Mwaka 1879 waganga wawili, Härting na Hesse, walichapisha uchunguzi wao: karibu robo tatu ya vifo vya wachimbaji hao vilitokana na uvimbe wa saratani katika mapafu. Hawakujua bado sababu yake. Baadaye ilijulikana kwamba mwamba ule una urani, na urani hutoa gesi ya radoni, ambayo mtu huivuta pamoja na vumbi. Mwaka 1925 Ujerumani ilitunga orodha yake ya kwanza ya magonjwa ya kazi, na «ugonjwa wa mapafu wa Schneeberg» uliandikwa humo kwa jina lake.

Kobalti na urani pamoja katika mwamba mmoja. Mtu wa Likasi akisikia hivyo anajua tunakwenda wapi.

Shinkolobwe iko mwendo wa kilomita kama 20 kutoka hapa. Mwingereza Robert Rich Sharp alipata urani huko mwaka 1915, na uchimbaji ulianza mwaka 1921. Wakati huo hakuna aliyetaka bomu. Walichotaka ni radiumu, kitu cha bei ya ajabu, cha kutibu saratani na kung'arisha mishale ya saa gizani. Mawe yalisafiri hadi Olen, Ubelgiji, yakasafishwa. Urani iliyobaki baada ya kutoa radiumu ilikuwa na soko dogo tu, na soko hilo lilikuwa hasa rangi za vioo na vyombo vya udongo. Ndiyo, ndugu zangu. Kabla ya jiwe letu kwenda Hiroshima, kazi yake ya kawaida duniani ilikuwa kupaka rangi sahani. Marekani kulikuwa na sahani nyekundu maarufu za Fiesta, zilizoanza kuuzwa mwaka 1936; nyekundu ile ilikuwa ya urani. Mwaka 1943 zikasimamishwa, kwa sababu serikali ilitaka urani yote.

Habari ya bomu inajulikana, nitaipita haraka. Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière, alikuwa amepeleka New York zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo mwaka 1940. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua, mgodi ukafunguliwa upya, na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ikatoka hapa. Wanahabari wa nje wakija Likasi wanauliza hilo tu. Wengi wao hawaulizi kuhusu wanaume waliopanga mawe yale kwa mikono, wakiyachagua mazuri na mabaya, na kuyatia katika magunia.

Linalonisumbua zaidi ni tarehe. Mwaka 1921 Shinkolobwe ilipoanza, uchunguzi wa Härting na Hesse ulikuwa na umri wa miaka 42. Mwaka 1925 Mjerumani wa Schneeberg alikuwa na haki kwenye sheria. Mtu wa Shinkolobwe aliyegusa jiwe lenye nguvu kuliko la Schneeberg hakuwa na neno lolote la kuuita ugonjwa wake. Katika Kongo ya Wabelgiji, amri kuhusu fidia ya ajali na magonjwa ya kazi kwa wafanyakazi weusi ilitoka tarehe 1 Agosti 1949.

Kobalti nayo ilikuwa na safari yake. Union Minière ilianza kuitoa miaka ya 1920, na Katanga ikawa ya kwanza duniani. Nyingi ilikwenda kwenye sumaku na vyuma vigumu, lakini buluu ya sahani haikukoma. Miaka ya 1980, huko Denmark, wakaguzi wa kazi na waganga waliwaangalia wanawake waliopaka sahani za kaure kwa rangi ya buluu ya kobalti. Walikuta kobalti nyingi katika mikojo yao, na njia zao za hewa zimebana. Basi wakabadilisha: hewa ikavutwa nje kwa mashine nzuri zaidi, rangi isiyoyeyuka kirahisi mwilini ikatumiwa, na kobalti katika miili ya wanawake wale ikapungua. Ilichukua miaka michache tu.

Hapa kwetu, miaka hiyohiyo, mambo yalikuwa yakielekea chini. Kampuni ilikuwa ya taifa tangu 1967, na ilipofika miaka ya 1990 mashine zilikosa vipuri, mishahara ikakosekana, na mwaka 1992 na 1993 wenzetu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa kwa maelfu, wakiwemo mafundi waliozaliwa hapa. Sitafungua jeraha hilo leo. Ninataja jambo moja: mtu akifukuzwa kwa haraka hivyo, haendi na jalada lake la hospitali ya kazi. Picha za kifua zilizopigwa miaka ishirini zilibaki kwenye makabati, na baba akafika Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi kama mgonjwa asiye na historia. Kisha mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakaondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walilipwa, wakatia sahihi, na kifua kikawa chao wenyewe.

Watoto wao wakaenda kuchimba kwa mikono. Shinkolobwe walirudi kutafuta kobalti katika ardhi ileile ya urani. Januari 2004 amri ya rais ikaifunga, Julai mwaka huohuo shimo likaporomoka na kuua watu wanane, halafu nyumba za kijiji zikabomolewa na maelfu wakahama. Hao nao ni wakimbizi wetu, ingawa hakuna aliyewaandika hivyo.

Mwaka 2009, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza na Benoit Nemery, walichapisha matokeo ya mikojo ya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Kobalti iliyoonekana kwa waliokaa karibu na machimbo na viwanda ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa popote kwa watu wa kawaida. Nasema watu wa kawaida, si wafanyakazi. Theluthi moja hivi walikuwa watoto. Vumbi lilikuwa limetoka kiwandani likaingia kwenye unga na kwenye maji.

Kuhusu haki: taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, INSS, iliundwa tarehe 29 Juni 1961, na kwa sheria ya 2016 ikawa CNSS. Ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi. Sisemi kuna pesa inawangoja pale. Msije mkauza mbuzi kwa nauli. Lakini angalieni Afrika ya Kusini. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya makampuni ya dhahabu na wachimbaji wenye silikosi, yakihesabu waliofanya kazi tangu 1965, pamoja na familia za waliokufa, hata zile za Lesotho na Msumbiji. Waliolipwa ni wale walioweza kuonyesha mambo mawili: kwamba baba alifanya kazi pale, na kwamba aliugua hivi.

Nilimpigia simu yule mama Alhamisi. Nilimwambia siwezi kusema baba yake alikufa na nini. Nilimweleza niliyoandika hapa, polepole, naye alikuwa akirudia maneno kwa sauti ili mjukuu ayaandike. Kisha nikamwuliza kama kuna karatasi yoyote iliyobaki. Akasema mama yake, kabla ya kupanda treni, alishona kitabu cha kazi cha mumewe ndani ya mto wa mtoto.

Jioni ile mjukuu akanitumia picha kwa simu. Muhuri umefifia lakini unasomeka. Mwaka wa kuanza ni 1966. Mahali pa kazi pameandikwa neno moja la Kifaransa, «broyage», maana yake kusaga mawe. Nimewaomba wapige picha kila ukurasa, na kitabu chenyewe wasimpe mtu.